Foleni ya Mtu Mmoja

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi ya watu wengine na kuyatia wino mwekundu. Nimesoma insha za darasa la saba, maandalio ya masomo ya walimu tarajali, barua za kuomba ruhusa zilizojaa misiba ya kubuni, na taarifa za wakaguzi ambazo afadhali hiyo misiba ya kubuni. Nilipostaafu na kurudi nyumbani Kolo nilidhani wino umekwisha. Kumbe lilikuwa limebaki andiko moja ambalo sikulitazamia kamwe: maelezo ya nusu ukurasa yaliyoandikwa na Mbrazili aitwaye Marcelo Tosatti, yakaingia katika kumbukumbu za mfumo wa Linux Februari 2016, kueleza kwa nini alibadilisha kufuli moja ndani ya kompyuta.

Msomaji asifunge kitabu. Mimi pia nilitaka kufunga.

Aliyeniletea andiko hilo ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, ambaye ni mhandisi wa programu huko Ujerumani. Alikuja likizo wakati tunavuna alizeti, akiwa na bahasha ya karatasi alizozichapa kwa ajili yangu kwa kuwa anajua sisomi kwenye kioo cha simu. Kazini kwao kulikuwa na hitilafu iliyomsumbua kwa miezi, na alitakiwa aandike taarifa. "Babu," akaniambia, "nikiweza kukueleza wewe kwa Kiswahili, nitajua kwamba na mimi nimeelewa." Sikujua kama hiyo ni heshima au ni tusi. Nilivuta kiti chini ya mwarobaini tukaanza.

Nitaeleza kama alivyonieleza. Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu inayoamua ni kazi ipi itumie mtambo sasa na ipi ingoje. Wao huiita keneli. Keneli hiyo inaweza kuifanya kompyuta moja ya kweli ijigawe katika kompyuta kadhaa za kudhania, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Linux inayo sehemu maalumu ya shughuli hiyo, iitwayo KVM. Kompyuta ya kudhania ikiwa haina la kufanya hulala, na kabla ya kulala hutega saa ya kengele. Jambo la kushika ni kwamba usingizi huo ni wa kweli: kwa keneli, kompyuta ile ya kudhania ni kazi mojawapo katika orodha, inayolazwa na kuamshwa kama nyingine.

Halafu kuna mifumo ya wakati halisi. Hapa nilimkatiza nikasema, naam, mifumo ya haraka. Akatikisa kichwa. Mfumo wa wakati halisi si wa haraka, ni wa ahadi. Basi linalofika Dodoma kwa saa tatu siku nyingi, lakini siku nyingine kwa saa kumi, halifai kwa mtu mwenye kesi mahakamani. Linalofika kwa saa tano kila siku ya Mungu linafaa. Mashine za viwandani ni watu wenye kesi mahakamani. Kuifanya Linux iwe na ahadi ya namna hiyo kulichukua takriban miaka ishirini ya kazi iliyokuwa ikitunzwa kando ya mfumo wenyewe, hadi Septemba 2024 huko Vienna, Thomas Gleixner alipomkabidhi Linus Torvalds sehemu ya mwisho ya kazi hiyo ikiwa imechapwa na kufungwa kwa karatasi ya dhahabu. Ikatoka rasmi katika toleo la 6.12 mwezi Novemba mwaka huo. Nilipenda ile karatasi ya dhahabu. Inaonyesha kwamba hata watu wa mashine wanajua kuna vitu visivyokabidhiwa mikono mitupu.

Sasa makufuli. Kazi mbili zikitaka kugusa daftari moja kwa wakati mmoja, daftari litaharibika. Kwa hiyo kila daftari lina kufuli, na anayelikuta limefungwa hungoja. Kuna namna mbili za kungoja. Namna ya kwanza ni kusimama mlangoni ukiuliza bila kukoma, "Bado? Bado? Bado?", na wakati huo hufanyi kingine chochote. Namna ya pili ni kwenda kulala na kuacha maagizo ya kuamshwa. Katika Linux ya kawaida makufuli mengi ya keneli ni ya namna ya kwanza. Katika Linux ya wakati halisi mengi kati ya hayo hugeuzwa kimyakimya yakawa ya namna ya pili, ili kazi ya dharura ikija isikute njia imezibwa na mtu anayeuliza "Bado?". Yale machache yanayoachwa bila kugeuzwa huitwa makufuli mabichi. Hili la ubichi ni lao, sikulitunga mimi.

Hitilafu inazaliwa hapo. Kengele ya mtambo inapolia, keneli huacha kila kitu na kuishughulikia papo hapo. Hali hiyo huitwa katizo. Anayeshughulikia katizo si kazi iliyomo katika orodha, hana kitanda. Akilala hakuna wa kumwamsha. Kwa hiyo haruhusiwi kugusa kufuli la kulala. Lakini mistari ile ile ya programu iliyoandikwa miaka mingi nyuma, wakati kufuli lilikuwa la kusimama, sasa inagusa kufuli la kulala bila herufi moja kubadilika. Ukiisoma haina kosa. Mwandishi wake hakukosea. Kosa liko kati ya mistari hii na mingine iliyo mbali kabisa, na huonekana tu pale mambo mawili yanapokutana kwa saa moja. Nimewahi kusahihisha ratiba za vipindi za namna hiyo: kila mwalimu ratiba yake ni safi, na darasa moja lina walimu wawili Jumanne saa nne.

Basi, andiko la Tosatti. Mtu huyu alikabidhiwa kutunza toleo la 2.4 la Linux mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 18, umri ambao walimu tarajali wangu walikuwa bado wanapoteza chaki. Andiko lake lina vichwa viwili: tatizo, na ufumbuzi. Katika tatizo anahesabu hatua nne. Kengele ya kompyuta ya kudhania inalia. Katizo linamwamsha mtumishi wa keneli. Mtumishi anaiamsha kompyuta ya kudhania. Nayo inangoja zamu yake ya kuingia mtamboni. Kisha anasema kwamba yule mtumishi wa katikati anachelewesha bure. Ni sawa na mkuu wa chuo anayemtuma tarishi kumwita mtu aliyekaa nje ya mlango wake.

Kwa nini basi katizo lisiamshe lenyewe? Kwa sababu wanaongoja huwa katika foleni, na foleni ina kufuli, na kufuli hilo katika mfumo wa wakati halisi ni la kulala. Ufumbuzi wake ni kutumia foleni nyingine, nyepesi, yenye kufuli bichi. Mwishoni anataja kipimo alichokitumia na matokeo: muda wa kuchelewa katika majaribio yake ulishuka kwa wastani kutoka mikrosekunde 14 hadi 11.

Kama insha, nilimwambia mjukuu, hii ni kazi nzuri kuliko nyingi nilizopata kusahihisha. Haina utangulizi wa sifa, wala haidai kubadilisha dunia. Mtu asiyejua keneli ni nini anaweza kufuata hatua nne na kuona ya pili ilivyo ya ziada. Zaidi ya hayo mwandishi hakukimbilia kulifanya kufuli la zamani kuwa bichi, jambo ambalo lingenyamazisha malalamiko ya mashine siku hiyo hiyo. Foleni ya zamani ilikuwa imebebeshwa mambo mengi, na anayeamsha watu wote ndani yake hushikilia kufuli muda usio na kikomo cha kueleweka. Foleni nyepesi imepunguziwa mizigo. Hata inapoamsha wengi, hufungua kufuli baada ya kila mmoja ili wenye haraka wapite. Kwanza walipunguza kazi inayofanywa chini ya kufuli, ndipo wakaligusa kufuli lenyewe. Mpangilio huo wa hatua ndio ulionifanya nitake kuandika habari hii, kwa maana mimi niliwahi kuuvunja.

Mwaka 1987, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa na stoo moja, mtunza stoo mmoja na mhasibu mmoja. Mwezi Februari nilisaini waraka kwamba stoo isifunguliwe kabla leja haijaletwa. Mwezi Mei, baada ya kupotea magunia mawili ya unga, nikasaini mwingine kwamba mhasibu asitoe leja kabla hajapewa ufunguo ahesabu vilivyomo. Jumamosi moja saa tatu usiku wanachuo wakaja kunigongea hawajala. Niliwakuta mtunza stoo na mhasibu wamekaa kwenye benchi moja, mmoja na ufunguo, mwingine na leja, kila mmoja na karatasi yenye saini yangu. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wanatii.

Mjukuu alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema tangu mwaka 2006 Linux inacho kikagua cha makufuli, kilichotungwa na Ingo Molnar, ambacho hukumbuka ni kufuli lipi hushikwa kabla ya lipi, na likishikwa mara moja tu kinyume cha hapo hupiga kelele hata kama ajali haijatokea. Kingenisuta mara ya kwanza mhasibu alipodai ufunguo kwanza, muda mrefu kabla ya Jumamosi ile.

Lakini simulizi la benchi ni la kuchekesha, na nimelisimulia katika sherehe nyingi. Lililofuata sijapata kulisimulia. Badala ya kukaa na wale wawili na kupanga mfuatano mmoja, kitabu kwanza kisha ufunguo, siku zote, nilichukua vyote viwili nikaviweka ofisini kwangu. Kila anayetaka kitu stoo alikuja kwangu. Ugomvi ukaisha, na malalamiko yakaisha. Katika taarifa yangu ya mwaka niliandika kwamba ucheleweshaji wa huduma za stoo umepungua, na ilikuwa kweli: siku nyingi mtu alisubiri dakika tano, labda kumi.

Alasiri moja mwezi Novemba nilikuwa na kikao na wageni, nimemwagiza katibu muhtasi kwamba nisisumbuliwe kwa lolote. Mwanachuo wa mwaka wa kwanza alizidiwa na malaria bwenini. Gari la chuo lilikuwapo na dereva alikuwapo, ila dizeli ilikuwa katika pipa ndani ya stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Walimleta na kanga wakamkalisha kwenye ngazi za ofisi ili nikitoka nimwone. Nilitoka baada ya saa mbili na nusu. Tulimfikisha hospitali, akapona, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Madaktari walisema huenda ni homa yenyewe, huenda ni kwinini. Hakuna aliyesema huenda ni ufunguo.

Ndiyo maana nilipofika kwenye sentensi ya mwisho ya Tosatti kalamu yangu ilisimama. Kutoka 14 hadi 11, kwa wastani. Nilimuuliza mjukuu: si umesema hii ni mifumo ya ahadi? Akasema ndiyo. Kwa nini basi ananipa wastani? Darasa la watu arobaini likipata wastani wa sitini, sijaambiwa chochote kuhusu yule aliyepata saba. Muda wa wastani wa kusubiri nje ya ofisi yangu mwaka 1987 ulikuwa mzuri sana, na yule binti wa kwenye ngazi yumo ndani ya wastani huo. Ameongeza dakika moja, labda hata haikufika. Mfumo wa wakati halisi hupimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote. Tosatti bila shaka alilijua hilo kuliko mimi, na kipimo alichokitumia kinatoa hata tarakimu ya siku mbaya. Ila katika andiko aliweka ile inayopendeza. Nami niliweka ile inayopendeza.

Mjukuu alimtetea. Alisema wastani ukishuka kwa sababu hatua nzima imeondolewa, siku mbaya nayo hupata nafuu, maana yule mtumishi aliyeondolewa ndiye aliyekuwa akicheleweshwa zaidi mambo yakisongamana. Nilikubali kwamba inaelekea ni hivyo. Lakini nilimwambia "inaelekea" haijibu swali, na nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Siku mbaya kuliko zote, ngapi?

Ndipo akatoa karatasi nyingine, ya mwaka 2020. Miaka minne baada ya Tosatti, mwanaprogramu mwingine aliitazama ile foleni nyepesi akauliza swali ambalo na mimi, mtu wa foleni za bwalo maisha yangu yote, sikuliuliza: ni wangapi hupanga foleni hapa? Jibu ni mmoja. Kila kompyuta ya kudhania inapolala, anayelala katika foleni yake ni yeye mwenyewe peke yake. Foleni ya mtu mmoja, yenye kufuli la kulinda utaratibu wa mtu huyo na nafsi yake! Wakaiondoa foleni na kufuli lake pamoja, wakaacha alama tu ya kuonyesha nani wa kuamshwa. Kufuli lililobishaniwa kwa mikrosekunde lilikuwa linalinda benchi tupu.

Nilikaa kimya kidogo. Magari mawili ya watalii yalikuwa yamesimama kwenye ofisi ya Mambo ya Kale kuchukua mwongozaji wa kuwapeleka kwenye michoro ya Mungomi, na mjukuu akadhani nayatazama hayo. Nilikuwa nafikiri juu ya leja yangu. Nani alikuwa anaisoma? Mhasibu aliandika, mtunza stoo aliandika, mimi nilisaini. Katika miaka sita hakuna mkaguzi aliyeifungua.

Je, hilo linashusha alama za Tosatti? Nilibishana na nafsi yangu. Mwalimu huwa na hamu ya kumkata maksi aliyejibu swali vizuri bila kugundua kwamba swali lenyewe si la lazima. Nadhani si haki. Foleni ilipokuwa nzito hakuna aliyeona idadi ya walio ndani yake. Ilipopunguzwa uzito, ikaonekana. Aliyefyeka njia asilaumiwe kwa kutofika mtoni.

Ninayemlaumu kidogo ni mwingine. Katika bahasha mlikuwa na maelezo ya Januari 2019, kuhusu kompyuta za aina ya ARM, ambazo nazo zina KVM yao. Hapo kufuli linalolinda taarifa za kila katizo la kompyuta ya kudhania lilifanywa bichi. Sababu imetolewa kwa sentensi mbili: kufuli hili hushikwa wakati makatizo yamezuiwa, na katika mfumo wa wakati halisi kufuli la kawaida haliwezi kuwa na sharti hilo, basi liwe bichi. Ni sahihi, na mjukuu anasema badiliko lenyewe lilikuwa la lazima. Lakini maelezo hayasemi kufuli hushikwa kwa muda gani, wala ni kazi gani hufanywa likiwa limeshikwa. Ninayesoma miaka sita baadaye nabaki na hukumu bila mwenendo wa kesi. Na hatari ya hukumu ya namna hiyo ni kwamba hunakiliwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kazini kwa mjukuu. Mtu mmoja huko, mwerevu na mwenye haraka, aliona onyo la mashine, akasoma mifano kama hiyo, akafanya kufuli kuwa bichi. Onyo jingine likatokea kwenye kufuli la pili, nalo akalifanya bichi. Hadi maonyo yote yakaisha. Kila mtu akafurahi. Baada ya wiki kadhaa mashine za kiwandani zikaanza kuchelewa mara moja moja, pasipo onyo lolote, kwa sababu chini ya kufuli mojawapo kulikuwa na orodha iliyopitiwa yote, na orodha ikiwa ndefu hakuna wa dharura anayeweza kupita. Kufuli bichi halisemi chochote likishikwa muda mrefu. Miezi ile yote mjukuu alikuwa akilitafuta hilo.

Taarifa yake ya kwanza, niliyoisoma baada ya chakula cha usiku kwa taa ya sola, ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kurasa sita zilimhusu yule mwenzake. Nilizikata zote kwa mstari mmoja. Alikasirika. "Babu, yeye ndiye aliyefanya!" Nilimwambia kwamba hata mhasibu wangu alifanya, na hata mtunza stoo. Aandike kufuli lipi, nani amelishika, akiwa katika hali gani, akifanya nini chini yake, na nani anangoja nje na kwa muda gani siku iliyo mbaya kuliko zote. Alikwenda kulala bila kuniaga vizuri.

Asubuhi nilikuta kalamu yangu nyekundu juu ya meza, kifuniko hakipo, na kurasa nne zimeandikwa kwa mkono. Jina la mwenzake halimo. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya tatizo na ufumbuzi, kulikuwa na tarakimu moja, imezungushiwa duara.